Uzi: Sinagogi bila rabi, kazi ya gabai kuanzia Alhamisi hadi Sabato iishe

#1 Kalamu ya Mwanzi

Wakuu, salaam. Swali la nani anasalisha sinagogi ikikosa rabi limeulizwa humu zaidi ya mara moja, na kila mara tunalijibu kwa kulinganisha na padri au imamu, jibu linapinda. Naomba leo tukae nalo kitako. Wenye kuijua kazi waongeze, na nikikosea nisahihishwe.

Rabi ni mwalimu na mwamuzi wa sheria. Sala haimtegemei yeye ili ikubalike. Makuhani wapo, lakini ukuhani ni wa damu, baba kwa mwana, na sinagogini leo haki za kuhani ni chache: huitwa wa kwanza kwenye Torati, na hubariki watu kwa ile baraka ya Hesabu sura ya 6. Kusalisha anaweza mtu mzima yeyote anayeijua sala, na utu uzima wa mwanamume huanza miaka 13. Kwa hiyo neno "mlei" tulilolizoea kutoka kwa Wakatoliki halikai vizuri sana hapa. Lazima kuwe na daraja la mapadri ndipo mlei apatikane. Tunalitumia tu kwa kukosa lingine.

Kinachohitajika ni watu 10, yaani minyani. Kwa Wayahudi wa Orthodoksi, tawi linaloshika mapokeo kwa ukali, huhesabiwa wanaume tu. Kwa matawi mengine, Wareformu na sehemu kubwa ya Wakonservativu, wanawake wanahesabiwa pia. Wakiwa tisa, watu wanasali hivyo hivyo, hata kwa pamoja, ila vinaachwa vitu hivi: wito wa Barehu unaofungua sala, Kedusha (lile "Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu"), kurudiwa kwa sauti kwa Amida, yaani sala kuu ya kusimama, Kadishi, sala ya kumtukuza Mungu ambayo wafiwa huisoma, na kusoma Torati kwenye gombo pamoja na baraka zake. Maana yake mfiwa aliyekuja kumsomea baba yake Kadishi anarudi nyumbani bila kuisoma, kwa sababu tu mtu mmoja alilala. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya gabai, yule msimamizi wa sala, ni simu za Alhamisi. Ukiwa na majina 10 kwenye karatasi huna minyani. Tafuta 12 au 13, kwa kuwa kuna homa, kuna safari, kuna mvua.

Wakianza kumi na wengine wakatoka katikati, sehemu iliyokwisha kuanzwa inamalizwa maadamu wamebaki angalau sita. Sehemu mpya haianzishwi.

Na watu hawahesabiwi moja, mbili, tatu. Desturi ni kutumia Zaburi 28:9, "Uwaokoe watu wako, uubariki urithi wako…", ambayo kwa Kiebrania ina maneno 10 kamili. Gabai anapitisha macho kwenye viti, neno moja kwa kila mtu. Likifika neno la mwisho na bado kuna mtu wa kulipokea, sala inaanza.

#2 Fundi Magombo

Ahsante mkuu kwa kufungua. Mimi nitabaki mezani pa kusomea, maana hapo ndipo mambo huharibika mbele ya macho ya watu wote.

Gombo la Torati halina irabu, halina alama za kusimama, halina alama za sauti. Ni konsonanti tupu kwenye ngozi, 304,805 kwa hesabu ya mapokeo. Msomaji lazima awe amekariri matamshi na mahadhi kabla hajasimama. Anajifunzia kwenye tikuni, kitabu chenye safu mbili: moja ina irabu na alama zote, ya pili iko kama gombo lilivyo. Anasoma ya kwanza hadi ulimi uzoee, kisha anaifunika kwa mkono na kujipima kwa ya pili.

Sabato asubuhi wanaitwa watu 7 mezani kusema baraka za Torati, halafu mmoja wa nyongeza anayesoma na Haftara, yaani somo la manabii. Jumatatu na Alhamisi ni 3, mwandamo wa mwezi 4, sikukuu 5, Yom Kippur (Siku ya Upatanisho) 6. Kila anayeitwa asomewe angalau aya 3, na usikate mahali ambapo zimebaki aya chini ya 3 kufika mwisho wa fungu. Gabai asiyeangalia hili mapema hujikuta anamsimamisha msomaji mahali pabaya huku watu wamenyamaza wanangoja.

Mezani wanasimama magabai wawili, mmoja kila upande wa msomaji. Mmoja anaita majina. Wa pili ana kitabu chenye irabu na hatoi jicho kwenye mstari. Kosa linalobadilisha maana linasahihishwa papo hapo na msomaji anarudi nyuma. Kosa la mahadhi tu linaachwa lipite. Sauti ya kusahihisha iwe ya chini na iwe ya mtu mmoja. Ukumbi mzima ukianza kupaza neno sahihi kutoka kila pembe, msomaji anapotea kabisa, na kijana wa miaka 13 aliyesahihishwa hivyo mbele ya bibi yake ni vigumu kumrudisha mezani tena.

Parasha, yaani mafungu ya wiki, zipo 54 kwa mwaka, na urefu haulingani. Naso peke yake ina aya 176. Jumuiya ndogo ikimwachia mtu mmoja fungu zima kila wiki, haitachukua muda mtu huyo kuchoka au kuhama mji, na siku hiyo hakuna wa kushika nafasi. Gawanya kwa watatu au wanne. Anayeanza mpe mwito mmoja wenye aya 3 au 4, umpe na wiki kadhaa za kujiandaa.

#3 Tarishi wa Mbale

Mkuu Fundi, na kukiwa hakuna kabisa aliyejiandaa? Jumuiya ndogo zinafika hapo.

#4 Fundi Magombo

Zinafika, ndiyo. Njia moja inayokubaliwa na wengi: msomaji anasimama kwenye gombo, mwenzake pembeni anasoma kitabuni neno kwa neno kwa sauti ndogo, naye analitamka huku jicho liko kwenye ngozi. Mahadhi yanaweza kukosekana, lakini maneno yasomwe kutoka kwenye gombo lenyewe, kwa kuwa baraka zimesemwa juu yake. Haipendezi masikioni, ila ni halali zaidi kuliko kusoma kwa kukisia.

Kalamu ataona nalegeza kamba. Ninavyoona mimi, sinagogi inayosoma kwa kusitasita kila wiki itapata wasomaji. Inayofunga gombo kabatini ikingoja mtaalamu haitawapata.

#5 Kalamu ya Mwanzi

Sioni umelegeza, nakubali kama dharura. Hofu yangu ni dharura ikigeuka utaratibu. Wakishazoea kunong'onezewa, hakuna atakayefungua tikuni Jumapili. Iwekewe mwisho: mwezi huu tunanong'onezana, mwezi ujao fulani anasoma mwito wa tatu peke yake.

#6 Mama Mishumaa

Salaam ndugu zangu. Naongeza upande wa majina, maana gabai akikosea herufi mtu atasamehe, akikosea jina la marehemu baba yake hatasahau.

Mtu anaitwa kwa jina lake la Kiebrania na la baba yake, fulani mwana wa fulani. Kwenye jumuiya nyingi zisizo za Orthodoksi wanataja na la mama. Andika kadi moja kwa kila mshiriki: jina, jina la baba, la mama, kama ni kuhani au Mlawi (wa kabila la Lawi) au Israeli (Myahudi mwingine yeyote), na tarehe za vifo vya wazazi kwa kalenda ya Kiebrania. Hiyo tarehe ndiyo inayohama kila mwaka kwenye kalenda ya ukutani, kwa hiyo mwanzo wa mwaka kaa ubadilishe zote kwa mpigo. Usingoje mtu aje kukuuliza. Anayetimiza mwaka wa msiba wiki hii apate taarifa yako kabla.

Mwito wa kwanza ni wa kuhani, wa pili Mlawi, waliobaki Israeli. Kuhani akiwepo na Mlawi hayupo, kuhani yule yule anaitwa tena mara ya pili. Wengi hukosea hapo, wanamvuta Israeli ajaze pengo. Baba na mwanawe, au ndugu wawili wa baba mmoja, kwa desturi hawaitwi wakifuatana. Kisha kuna wenye haki ya kutangulia: kijana wa bar mitzva, yaani anayetimiza miaka 13, bwana harusi wa wiki hiyo, aliyepata mtoto, mwenye kumbukumbu ya msiba. Wakizidi nafasi, gabai anazungumza nao Ijumaa mmoja mmoja. Ukiliacha hadi asubuhi ya Sabato, utalazimika kumnyima mtu akiwa ameshavaa shali yake ya sala.

Na jamani, mwulizeni mtu faraghani kama anaweza kusoma zile baraka. Kadi kubwa yenye baraka kwa herufi za Kiebrania na kwa herufi za Kilatini iwekwe mezani siku zote, kwa kila mtu, ili asionekane ni mmoja tu anayeihitaji.

#7 Tarishi wa Mbale

Dada Mama Mishumaa, hilo la kadi kwa kila mtu ni jambo kubwa. Ahsante.

Kwa wanaodhani haya ni ya Ulaya tu, tutazame Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa mashariki ya Uganda. Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, aliingia Uyahudi na wafuasi wake mwaka 1919 karibu na Mbale, kwa kuisoma Biblia na kuamua kuishika Torati. Alifariki 1928. Idi Amin alipiga marufuku sala zao, na hadi utawala wake ulipoanguka 1979 waliobaki walisali kwa kujificha. Miaka ya 1980 vijana ndio walioanza kuijenga tena jumuiya, kwa kikundi walichokiita Kibbutz. Mwaka 2002 mamia wakapitia uongofu rasmi mbele ya baraza la marabi wa Kikonservativu, na 2008 Gershom Sizomu akapewa urabi Marekani baada ya masomo Los Angeles. Piga hesabu kutoka 1919 hadi 2008. Muda wote huo waliosalisha, waliofundisha watoto, waliotahiri na waliozika walikuwa watu wa jumuiya wenyewe.

Jambo la kuiga pale ni uimbaji. Zaburi zinaimbwa kwa Kiluganda na kwa Kiebrania, kwa nyimbo ambazo ukumbi mzima unaziitikia. Msalishaji anayechagua wimbo ambao watu hawawezi kuujibu anageuka mwimbaji wa jukwaani. Cheo chake kwa Kiebrania ni shaliah tzibur, mjumbe wa kusanyiko, na mjumbe hubeba maneno ya waliomtuma.

#8 Mama Mishumaa

Kweli kaka. Na sheria ya kumchagua huyo mjumbe haikuanza na sauti. Inataka mtu mwenye sifa njema, mnyenyekevu, anayekubalika na watu, kisha ndiyo ije sauti tamu na mazoea ya kusoma. Kuna na adabu yake: akiombwa mara ya kwanza ajivute kidogo, ya pili ajiandae, ya tatu asimame. Kwa mtu asiye msalishaji wa kudumu, hiyo inaipa jumuiya nafasi ya kuonekana imemwita.

#9 Mweka Hazina

Niruhusuni niingie kwenye fedha, maana neno "gabai" lenyewe asili yake ni mkusanyaji.

Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, imeweka kanuni ambayo sijaona iliyo bora kuliko hiyo: kapu la sadaka hukusanywa na watu wawili na hugawanywa na watatu. Wawili kwa sababu kumtoza mtu ni kama kumwamrisha, na mmoja hatoshi kuamrisha. Watatu kwa sababu kugawa ni kuamua nani ahitaji zaidi, na uamuzi wa mali unataka watatu kama mahakama. Talmud, inayoifafanua Mishna, inaongeza mambo ya karibu kabisa na mikono. Wakusanyaji wasiachane wakiwa sokoni. Sarafu zihesabiwe moja moja, zisihesabiwe mbili mbili, mtu asije akadhani mbili zilirekodiwa kama moja. Wakiwa na fedha ndogo ndogo na hakuna maskini wa kumpa kwa wakati huo, wabadilishe kwa watu wengine, wasijibadilishie wenyewe. Sababu inayotolewa inatoka Hesabu 32: muwe bila hatia mbele za Bwana na mbele ya Israeli. Kwa hiyo unyoofu wa moyoni hautoshi. Uonekane.

Kwa leo: akaunti ya benki iwe na sahihi mbili za watu wasio wa nyumba moja. Namba ya malipo ya simu isajiliwe kwa jina la jumuiya, isiwe laini ya mtu binafsi, hata kama ni mwaminifu kama nini. Siku akifa au akihama, sadaka zinaenda kwa warithi wake au zinafungiwa. Mfuko wa maskini utengwe kabisa na mfuko wa paa na umeme. Majina ya wanaosaidiwa yabaki kwa wale watatu, na taarifa ya mwaka itaje jumla tu.

Sabato hakuna kuandika wala kushika pesa, na hapo wageni huuliza ahadi za mchango zinakumbukwaje. Kuna kadi zilizochapwa zikiwa na vipande vya pembeni vinavyokunjwa, kila kipande na kiwango chake. Mtu akiahidi mezani, gabai anachukua kadi yenye jina lake na kukunja kipande husika. Hakuna kalamu, na kumbukumbu ipo.

#10 Kalamu ya Mwanzi

Mweka Hazina, umenikumbusha kitu. Wawili mezani, wawili kwenye kapu, watatu kwenye kugawa. Mahali ambapo kosa la mtu mmoja lingeumiza wengine, mapokeo yanaweka mtu wa pili pembeni yake. Sinagogi ndogo zinazoharibika huwa kwanza zimemwachia mtu mmoja funguo, kadi, gombo na akaunti. Mara nyingi ni mtu mwema sana, na hilo ndilo linalofanya watu waone haya kumwekea mwenzake.

Kuhusu kumchagua, Talmud inasema kiongozi hasimikwi juu ya watu bila wenyewe kuulizwa, na mfano wake ni Bezaleli, fundi wa hema: Mungu alishamtaja kwa jina, na bado Musa anaambiwa nenda ukawaulize Israeli kama anawafaa. Kamati ikimpachika mtu kwa kuwa "hakuna mwingine anayetaka", imeruka hatua hiyo. Itisheni mkutano, hata wa watu 14, mpige kura, na iwe kwa muda maalumu.

#11 Fundi Magombo

Naunga mkono muda maalumu, lakini gabai wa miezi mitatu hajajua hata majina. Miaka miwili, na wa pili mezani awe ndiye atakayerithi.

Kabla sijasahau, kunyanyua gombo baada ya kusoma, maana hakuna aliyeligusa. Gombo linaweza kuzidi kilo 10, na uzito hauko sawa mikononi. Mwanzoni mwa Mwanzo karibu ngozi yote iko upande wa kushoto, mwishoni mwa Kumbukumbu la Torati iko kulia. Kwa hiyo wiki za kwanza na za mwisho za mzunguko usimpe mtu mwenye mkono dhaifu upande ule. Fungua safu tatu, mshono wa ngozi uwe katikati, ili ikivutika ipasuke kwenye uzi na siyo kwenye maandishi. Shusha vipini chini ya ukingo wa meza, piga magoti kidogo, tumia ukingo kama wenzo, nyanyua, kisha geuka watu waone maandishi. Mtu wa pili awe na kiti tayari nyuma yako.

Ukiona herufi imepasuka wino na hujui kama bado inasomeka, simamisha. Anaitwa mtoto anayejua herufi lakini hafuati maana ya sentensi, anaonyeshwa ile herufi, anaulizwa ni ipi. Mtu mzima ataisoma kwa kukisia kutoka kwenye neno, mtoto ataisema kama macho yanavyoiona. Akiitaja sawasawa, endelea. Akiitaja nyingine, gombo hilo linawekwa pembeni hadi mwandishi alitengeneze, na linatolewa la pili kama lipo. Kwa hali ya hewa ya mwambao, kabati lisiegemee ukuta wa nje unaovuta unyevu, na gombo lisifungwe kwenye nailoni. Likunjuliwe lote mara kwa mara lipigwe hewa, hasa mafungu yasiyosomwa kwa miezi.

#12 Tarishi wa Mbale

Swali la mwisho kutoka kwangu wakuu. Sisi wa ikweta, nyakati na uelekeo vikoje? Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya.

#13 Mama Mishumaa

Ulaya wanaelekea mashariki kwa sababu Yerusalemu iko huko kwao. Kutoka Nairobi au Mbale, Yerusalemu iko kaskazini karibu kabisa. Anayejenga kabati la gombo ukuta wa mashariki kwa kuwa "ndivyo ilivyo kwenye picha" amelikosea.

Mishumaa huwashwa kwa desturi ya wengi dakika 18 kabla ya jua kuzama. Kwetu machweo hayachezi sana. Nairobi ni kati ya saa 12 na dakika 20 hivi na saa 1 kasoro dakika 10 hivi jioni mwaka mzima, kwa hiyo ratiba ya Ijumaa haihitaji kugeuzwa kila mwezi kama London. Lakini giza letu huingia haraka, na anayezoea kuchelewa Ijumaa hana pa kujibanza.

#14 Kalamu ya Mwanzi

Nifunge upande wangu na saa ya mwisho ya Sabato, maana maswali ya faragha yamekuja kuhusu nini kinafanyika baada ya hapo. Kwenye sala ya alasiri ya Sabato unasomwa mwanzo wa fungu la wiki inayofuata, wakiitwa watu 3, kwa hiyo gombo linabaki limekunjwa mahali pake kwa ajili ya Jumatatu na Alhamisi. Nyota tatu zikitoka, Havdala, yaani kuiaga Sabato: divai, manukato, mshumaa wenye tambi zaidi ya moja. Mshumaa ukizimwa, magabai wawili wanakaa na zile kadi zilizokunjwa, mmoja anasoma, mwingine anaandika kwenye daftari, kisha kila kipande kinanyooshwa na kadi zinarudi kwenye kasha kwa mpangilio wa majina. Wakati huo huo wanaandika nani hakuonekana leo. Hao ndio wanaopigiwa simu Jumapili asubuhi kujuliwa hali, bila neno lolote la minyani.